Vigingi vya Mama Kitalu

Mama Kitalu alikuwa mwoga. Naanza na hilo kwa sababu wanaomtaja siku hizi wanamtaja kwa ukali wa mdomo wake na kwa lile kosa la ukingo wa mto, na hakuna anayekumbuka kwamba mwanamke aliyetupeleka mtoni kupanda miti aliyaogopa maji kuliko sisi sote. Aliogopa maji, mamba, viboko, radi, moto wa wasafisha mashamba, na kuku mwenye vifaranga. Akivuka daraja la Kilombero kwa bodaboda alifumba macho na kumng'ang'ania dereva hadi dereva mwenyewe akaanza kuomba msaada. Siku moja nyoka mwembamba wa kijani alipita katikati ya miche yake, na yule mama, ambaye tayari alikuwa na wajukuu, alipanda juu ya ndoo iliyofudikizwa na kukataa kushuka mpaka tulipomletea chai.

Mimi nilikuwa na hofu moja tu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, shule nimeiachia kidato cha pili kwa sababu ya mimba, naishi kwa mjomba wangu katika kijiji kinachofuata baada ya Michenga, mimi na mwanangu Ima katika chumba kimoja chenye mlango wa bati. Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alitulisha, na Ima alipougua homa yeye ndiye aliyempakia kwenye baiskeli hadi Ifakara. Ila kila alipokasirika alikuwa na tabia ya kuutazama ule mlango wa bati.  Nikifukuzwa pale sikuwa na pa kwenda, na hofu hiyo niliamka nayo, nikapika nayo, nikaenda nayo kazini.

Kitalu kilikuwa kando ya barabara iendayo Mlimba, ua wa matete wenye chanja za kivuli, na mle ndani mama yule alikuwa amekusanya vijana ambao mji ulishawachoka. Shaibu alitoka stendi, ambako kazi yake ilikuwa kupiga debe na kupigana. Wasichana wawili walikuwa waosha vyombo kwa mama ntilie. Wengine walikuwa wamerudi kutoka Dar bila kile walichokifuata. Alipokuja kututafuta hakuhubiri. Mimi alinikuta sokoni nikiuza dagaa kwa mafungu, akachagua fungu moja, akanitazama ninavyolifunga, akauliza, "Unaweza kuamka saa kumi na moja?"

"Naamka saa kumi, mama. Nina mtoto."

"Basi njoo na huyo mtoto. Miche haisumbuliwi na mtoto, inasumbuliwa na wavivu."

Watu walidhani anatuhurumia. Hakutuhurumia hata kidogo. Ukivunja mzizi wa mche kwa haraka zako alikutukana ukoo mzima, kisha mchana akakugawia ugali wake. Akija mgeni akaanza kusema jinsi tulivyo vijana wenye maisha magumu, Mama Kitalu alimkata kauli: "Mti haujui kama aliyeupanda ni maskini. Twende ukaone miti." Mimi sentensi hiyo ilinishika. Kwetu nyumbani kila kitu kilijua kwamba mimi ni maskini, hata sufuria.

Kila asubuhi, kabla mtu hajagusa jembe, tulisimama duara na kila mmoja alitakiwa kusema anaogopa nini. Si katika maisha yake, siku hiyo tu. "Naogopa lile tope la jana." "Naogopa yule kiboko dume wa kwenye matete." "Naogopa yule mzee anayetembea na panga." Alisikiliza wote, na kazi ya siku aliipanga kwa majibu hayo. Aliyeogopa kiboko aliwekwa kuutazama mto wakati wenzake wakichimba, kwa sababu huyo hawezi kusinzia. Aliyejibu kwamba haogopi kitu alibaki kitaluni kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya kuoteshea. Shaibu alijaza viriba wiki tatu.

"Mama, mi mtoto wa stendi," alilalamika. "Niogope nini sasa? Nishapigwa mpaka na makonda."

"Jaza viriba."

"We mama bwana!"

"Jaza, mwanangu. Siwezi kwenda kumwambia mama yako kwamba umeliwa ukiwa hodari."

Wiki ya nne Shaibu alisimama kwenye duara, akatazama miguu yake, akasema anaogopa maji kwa sababu hajui kuogelea. Hakuna aliyecheka. Mama Kitalu alimpa jembe na kumpangia sehemu ya juu, mbali na maji. Miaka yote niliyokuwa naye hakuna hata mmoja wetu aliyeguswa na mnyama.

Miti aliijua kwa njia ambayo ilinichanganya mwanzoni. Akiushika mkangazi mchanga alisema, "Huyu moto wake mzuri, hauna moshi." Akigusa mti mwingine: "Huyu hupasuka, atakuchoma macho." Alikuwa mchoma mkaa. Kwa miaka mingi, juu huko upande wa Kisawasawa, chini ya milima, alikata, akapanga matanuri, akafukia, akateremsha magunia hadi barabarani. Hakuna mti wa asili wa bonde hili ambao hakuwahi kuuchoma. Shaibu, ambaye hakujua kunyamaza, alimuuliza mbele yetu sote kama si yeye ndiye aliyeimaliza hii misitu tunayohangaika kuirudisha.

"Ni mimi," alisema. "Mimi na wenzangu, lakini wenzangu hawapo hapa, kwa hiyo ni mimi. Chukua ndoo ukamwagilie."

Alimwagilia. Mimi nilibaki nikimtazama yule mama, nikawaza jinsi ilivyo rahisi kwake kukiri, na nikamwonea wivu.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mwongo pia, na uongo wake ulikuwa wa kuchekesha. Wakija wakaguzi tuliamriwa kubeba miche yote iliyokauka na kuificha nyuma ya choo, halafu yeye akawatembeza wageni akiapa kwamba kitaluni kwake mche haufi. Mgeni mmoja aliomba choo. Mama Kitalu akamwambia choo kina nyuki. Alipenda sukari ingawa daktari alimkataza, na aliificha kwenye kopo la mbegu. Alisali kanisani Jumapili na akitishwa na radi siku za kazi aliita watakatifu wote hadi Shaibu akamwitikia "Amina" kwa kumkejeli.

Lakini kwenye kupima hakudanganya. Sheria inasema mita sitini kutoka ukingo wa mto pasilimwe, na kila mtu bondeni anaijua sheria hiyo kama anavyojua sala, kwa mdomo. Kijiji kilimpa yeye kazi ya kuupima ukingo, ila tepu ya ofisini hakuitaka. Alikuwa na kamba ya katani yenye mafundo, kila fundo mita moja, na kabla ya kupima aliilowesha ndani ya ndoo. Kamba ya katani ikilowa hufupika, na kule ukingoni lazima italowa, hivyo aliifunga mafundo yake ikiwa mbichi na kuipimia ikiwa mbichi. Hilo watu waliliona kama kichaa chake tu. Kilichowakera ni mahali alipoanzia. Wapimaji wengine huja kiangazi, wanasimama pale maji yalipo, wanahesabu. Mama Kitalu alitafuta takataka za masika, yale majani makavu na vijiti vilivyonasa kwenye matawi mto ulipofurika, akaanzia hapo. "Mto una nguo mbili," alikuwa akisema. "Mnaupima ukiwa umevaa ya kulalia." Kwa kipimo chake mashamba ya watu yaliliwa hatua nyingi zaidi, na hapo ndipo mapanga yalipoanza kutembea.

Shamba la mpunga la mjomba lilikuwa kwenye kona ya mto, na nyumba yetu nyuma yake.

Nilijua mapema kwamba siku ya kona itafika. Tulikuwa tukipanda kuelekea huko wiki baada ya wiki, mikangazi, mikuyu, matete ukingoni kabisa, na kila jioni nilikuwa nikihesabu mashamba yaliyobaki. Matano. Manne. Nyumbani mjomba alikula bila kunitazama. Siku moja akasema, akimwambia mkewe lakini kwa sauti ya kunifikia mimi, "Kamba hiyo ikipita kwenye mpunga wangu, na mtu atapita mlangoni." Mke wake alisema, "Baba, jamani, mfikirie mtoto yule." Mjomba aliutazama mlango wa bati.

Asubuhi ya kupima kona nilisimama kwenye duara na zamu yangu ilipofika nikasema, "Naogopa mamba."

Mama Kitalu alinitazama muda mrefu kuliko kawaida. "Mamba," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Haya. Beba ndoo ya kamba."

Nilibeba ndoo, tukaenda wawili tu. Nililowesha kamba kwa mikono yangu na kuishika ncha moja huku yeye akienda na nyingine. Vigingi vyake vilikata shamba la mjomba karibu katikati, na nyuma ya mstari, upande wa mto, ukabaki mpunga ambao ndio kwanza ulikuwa unatoa masuke. Mjomba alisimama kwenye kibanda chake cha kulindia ndege akitutazama. Heri angetukana. Nilirudi nyumbani nikakuta nguo zangu na za Ima zimekunjwa vizuri juu ya kitanda, na sikujua ni nani aliyezikunja.

Kulipopambazuka nilikwenda kwenye kona peke yangu. Umande ulikuwa umejaa, mto unanguruma chini ya matete, na kila kitu kilichotikisika nilikiona kiboko. Nilivichomoa vigingi kimoja kimoja. Nikavirudisha nyuma, kuelekea mtoni, hadi pale ambapo mpimaji mwingine yeyote angeviweka, yaani pale ambapo kamba ingefika kwa kuanzia maji ya kiangazi. Nilijiambia siibi, narudisha tu hesabu ya watu wa kawaida. Nilipokuwa nikivipigilia nilijigonga kidole kwa jiwe, na kucha yake hadi leo imeota vibaya.

Siku iliyofuata kikundi kilikuja kupanda. Mama Kitalu alisimama kwenye kigingi cha kwanza. Akatembea hadi cha pili, akasimama. Nilikuwa nimeshika miche miwili na nilihisi mkojo. Kisha akasema, "Tuanzie hapa," tukapanda. Nguo zilizokunjwa nilizirudisha sandukuni. Mjomba, akidhani Mama Kitalu amemlegezea, jioni ile aliniita kwa jina na kuniuliza kama Ima ameshakula. Nililia chooni kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo ninayoionea aibu zaidi ya yote.

Masika ya mwaka uliofuata mto ulikuja na nguo yake nyingine.

Kwingine kote miti michanga iliinama, matete yakalala, udongo ukashika. Mto ulipasukia kwenye kona. Niliamshwa na sauti ya maji chini ya kitanda, na nilipofungua mlango wa bati kulikuwa kumepambazuka na hapakuwa na uwanja. Nilimweka Ima shingoni. Maji yalinifika kifuani, ya kahawia, yana nguvu, na ndani yake kulikuwa na vitu vinavyonigusa miguu ambavyo sikutaka kuvijua. Ima alikuwa amenishika nywele na anarudia, "Mama usianguke, mama usianguke." Mjomba alikuwa mbele yetu amemshika mkewe mkono. Hatukuanguka. Hakufa mtu. Nasema hivyo upesi kwa sababu ndivyo ninavyojiambia kila siku. Lakini shamba lilikwenda lote, na nyumba, na mashamba matatu ya majirani, na ile familia niliyoogopa itanifukuza ilitawanyika, huyu kwa dada yake, yule kwa wakwe, mjomba akaenda kukodi kipande cha kulima karibu na Kisawasawa.

Kwenye mkutano wa kijiji waliuliza nani alipima kona. Watu walikuwa na hasira, na nadhani walifurahi kuwa na mtu wa kumkasirikia. Mama Kitalu alisimama, kitenge kimefungwa kiunoni, na mikono aliificha nyuma. Aliogopa umati kama alivyoogopa mengine yote. Alisema, "Nilipima mimi. Kamba ilikuwa kavu, nilisahau kuilowesha. Kosa ni langu."

Kamba ilikuwa mbichi. Mimi ndiye niliyekuwa na ndoo, na hata ingekuwa kavu ingekuwa ndefu zaidi na kuvisogeza vigingi mbali na mto, jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi hatua kumi kutoka kwake, Ima mapajani, na sikufungua mdomo. Nilijidanganya kwamba mzee amesahau, kwamba anaamini anachosema. Wakamwita mchoma mkaa, wakasema tangu lini fisi akalinda mbuzi, wakamtaka atoke kwenye kikundi. Mjomba ndiye aliyepiga kelele zaidi. Mama Kitalu alitoka siku hiyohiyo, na kopo lake la mbegu, na wiki mbili baadaye vijana wenzangu walinichagua mimi nishike kitalu.

Nimekishika mpaka sasa. Nimekwishajenga chumba changu, chenye mlango wa mbao na ufunguo ambao ni wangu. Kuna vijana wapya, wengi kuliko sisi wa zamani, na wote wanamjua mwanzilishi wetu kama yule bibi aliyekosea hesabu.

Mwezi uliopita nilikwenda Mbingu kumwona. Anaishi kwa binti yake. Nilimkuta barazani anachagua mchele kwenye ungo, ameuweka karibu kabisa na uso, macho yamekwisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sauti naijua." Alisikiliza kidogo. "Skola. Kaa. Njiani mto umejaa?"

"Haujajaa, mama."

"Mnausogelea?"

"Kwa uangalifu."

Tulizungumza ya Shaibu, ambaye sasa ana kitalu chake na watoto wawili, na ya Ima aliyefika darasa la sita. Kisha sikuweza tena. Nilimwambia, "Mama, vile vigingi vya kona nilivihamisha mimi," na sauti yangu ilitoka nyembamba, ya mtoto.

Hakuacha kuchagua mchele. "Najua."

"Ulijua?"

"Mimi hupiga kigingi kikiwa kimeinamia mtoni. Vile vilikuwa vimeinamia nyumbani kwa mjomba wako."

Nilimuuliza kwa nini basi hakuvirudisha. Hapo ndipo ungo ulipotulia. Akasema kwamba jioni ile ya kupima, kabla sijarudi nyumbani, alikwenda kwa mjomba kumwomba asinitoe, akakuta ameshazikunja nguo zetu. "Nikaona kiatu cha mtoto juu ya nguo," alisema. "Nikaogopa. Nikasema mwaka mmoja tu, huyu binti atapata pake pa kukaa, nitakuja kupima upya. Maisha yangu yote nimeuogopa ule mto, Skola. Siku ile moja nikaudharau."

Nililia. Aliniacha nilie. Kisha nikamwambia kwamba nitasimama mkutanoni niseme, na hapo alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Usiseme. Mimi nimeshazoea. Ukisema watakutoa, na wale vijana watabaki na nani? Na mjomba wako ana hasira yule. Mwanangu, naogopa. Usiseme."

 Nilimsaidia kumaliza mchele, nikaaga, na binti yake akanisindikiza hadi barabarani.

Kesho asubuhi kijiji kina mkutano wa kuipima upya kona. Nimeshamwomba mtendaji nafasi ya kusema, na nimemtumia mjomba ujumbe ili asikie kwa masikio yake mwenyewe. Amejibu neno moja, kwamba anakuja. Vijana watakuwepo wote. Tangu jana mara mbili nimeichukua simu kumwambia mtendaji afute jina langu. Humu nimemwita Mama Kitalu tu, kama tulivyomwita sote. Kesho nitasimama mbele ya mjomba na watu wote waliomtoa, nitamtaja kwa jina lake na la baba yake, nitasema kwamba kamba ilikuwa mbichi, kisha nitasema la kwangu.